Farasi wa plastiki ndani ya belo: "Hong Kong" chini ya ukwato ina maana gani?

*Swali: Habari mtaalamu. Nauza nguo za watoto za mtumba pale Mlango Mmoja, Mwanza. Mwezi uliopita nilifungua belo la mchanganyiko nikakuta humo farasi kumi na mmoja wa plastiki laini, wenye nywele ndefu za kuchana na picha pajani. Mmoja ni wa kijani, nywele nyeupe, pajani ana vijani vya majani matatu-matatu, na nyayo zake ni bapa kabisa. Chini ameandikwa 1983 na Hong Kong. Wa pinki ana neno Italy. Mwingine macho yake ni ya vito, moja limetoka. Mmoja ana manyoya mwili mzima lakini amenyonyoka mgongoni. Wawili ni wembamba, miguu mirefu. Mmoja mguu wake unanasa pini zangu za kubandikia bei. Watatu wa kawaida wameandikwa China. Na yupo wa zambarau mwenye mbawa, hana maandishi popote na nywele zake ni chache. Kijana mmoja jirani yangu anasema wa Hong Kong na China ni feki, halisi ni wa Italy peke yake, na anataka kuwachukua wote kwa elfu tano kila mmoja. Binti yangu naye ameona mtandaoni mmoja wa namna hiyo anauzwa dola mia kadhaa. Wananuka harufu ya belo, nilitaka kwanza niwaloweke kwenye maji ya moto na Jik. Je, hawa wanapangwaje? Nchi iliyoandikwa ina maana gani? Niwauze?*

Dada yangu, umefanya vizuri sana kuuliza kabla ya kuinjika maji. Jik iache kabisa, na maji ya moto pia. Nitakueleza sababu huko mbele, lakini hilo lishike tangu sasa, kwa sababu mengine yote yanarekebishika ila farasi aliyeharibiwa kwa kuoshwa vibaya harudi.

Ninavyokusoma, una hofu mbili. Unaogopa kuuza kwa elfu tano kitu chenye thamani, na unaogopa kukaa na plastiki chakavu ukisubiri dola ambazo haziji. Hofu zote mbili zina msingi. Kati ya hao kumi na mmoja, wengi ni wa kawaida, na wawili au watatu wanastahili kuangaliwa kwa utulivu. Ila huyo kijana amekupa kipimo kibovu, na ukikifuata utamtupa wa maana na kumng'ang'ania asiye na maana.

Farasi hawa wanaitwa My Little Pony. Mwenye nao ni kampuni ya Hasbro ya Marekani, jimbo la Rhode Island. Mchoraji wao Bonnie Zacherle ndiye aliyelishikilia wazo, na mwaka 1981 wakatoa farasi mkubwa wa plastiki ngumu aliyeitwa My Pretty Pony. Mwaka 1983 wakaja hawa wadogo, laini, wa kushika kwa mkono mmoja. Walibuniwa Marekani lakini walitengenezwa Hong Kong, ambayo wakati ule ilikuwa koloni la Uingereza na moja ya sehemu zilizoongoza duniani kwa kutengeneza midoli. Baadaye viwanda vikavuka mpaka kwenda Guangdong, kufuata vibarua na viwanja vya bei nafuu, na maandishi ya chini yakaanza kusomeka China. Kwa hiyo unapoona "Hong Kong" kwenye farasi wa aina hii, umeona kiwanda chake cha asili. Sisi tumezoea kwamba simu au saa ikiandikwa China, mtu anakunja uso. Kwa farasi hawa mazoea hayo yaweke pembeni.

Kosa la pili ni huo mwaka. Watu wakiona 1983 wanasema "huyu ni wa mwaka themanini na tatu." Huo ni mwaka wa hakimiliki ya umbo, na umechongwa ndani ya kalibu yenyewe, yaani kile chombo cha chuma kinachompa farasi umbo lake. Kalibu ya chuma haizeeki haraka. Iliyochongwa 1983 iliendelea kutoa farasi miaka kadhaa baadaye, na wote wakatoka na 1983 ile ile chini ya ukwato. Kwa hiyo mwaka huo unakueleza kwamba hawezi kuwa wa kabla ya hapo, basi. Jina la kampuni wakati mwingine linasaidia zaidi kuliko tarakimu. Hasbro Industries iliungana na Milton Bradley mwaka 1984 ikawa Hasbro Bradley, na mwaka uliofuata ikabaki Hasbro tu. Ukisoma "Hasbro Ind." ujue maandishi hayo yalichongwa kabla ya muungano.

Kuyasoma maandishi hayo kuna namna yake. Usimwelekeze taa moja kwa moja. Mlaze farasi ubavuni juu ya kitambaa, washa tochi ya simu, kisha ilete taa kutoka pembeni kabisa, karibu iguse ukwato. Herufi zitajitokeza kwa vivuli vyake, hata zile ambazo kidole hakizisikii. Soma kwato zote nne, maana jina na mwaka huwa kwenye mmoja, nchi kwenye mwingine, na wakati mwingine namba ndogo ya kiwanda kwenye wa tatu. Nimeshuhudia farasi akitangazwa kwamba "hana alama" kumbe mwenyewe ametazama miguu miwili tu. Anza na huyo wako wa zambarau.

Sasa tuje kwenye kuwapanga. Wakusanyaji huanza na kizazi, kisha aina, kisha umbo la kalibu, na nchi huja mwisho. Ukianza na nchi, kama alivyofanya jirani yako, unachanganya vitu visivyofanana.

Kizazi cha kwanza kilianza 1983. Marekani kilikoma 1992, lakini Ulaya kiliendelea hadi 1995, ndiyo maana wapo farasi ambao mtoto wa Marekani hakuwahi kuwaona dukani kwao. Hawa ni wanene kidogo, mashavu ya mviringo, macho yamechorwa. Kizazi cha pili kilitoka 1997: wembamba, miguu mirefu, kichwa kidogo. Hao ndio wawili wako warefu. Marekani hawakupendwa, waliondolewa mapema, lakini Ulaya waliuzwa kwa miaka kadhaa zaidi. Ukiwaweka pamoja na yule wa Italia, naona belo lako lina dalili kubwa ya kutoka Ulaya. Kizazi cha tatu kilianza 2003, unene ukarudi, na wengi wa mwanzo waliwekewa sumaku ndani ya ukwato. Huyo anayenasa pini zako ni wa kizazi hicho. Ni mzuri, ni msafi, muuze kama mdoli wa kawaida bila kujuta. Cha nne, chenye macho makubwa ya katuni, ni cha 2010, na kwa maelezo yako hayumo kwenye kundi lako.

Ndani ya kizazi cha kwanza ndipo penye utajiri. Wapo wa kawaida wasio na chochote, wapo wenye pembe, wenye mbawa, wapo hata wa majini wenye mkia wa samaki. Wapo watoto wachanga. Huyo wako mwenye macho ya vito ni wa kundi lililotoka katikati ya miaka ya 1980, na vito vile vilipachikwa kwa gundi ambayo huachia ikizeeka, kwa hiyo jicho kutoka ni ugonjwa wa kundi zima. Kama kito kimebaki kwenye belo, rudi ukakitafute kwenye mikunjo ya nguo na uchafu wa chini. Huyo mwenye manyoya kama mahameli naye ni wa kundi lake. Manyoya hayo yamegandishwa juu ya plastiki, na alikonyonyoka hapaoti.

Wa kijani nimemwacha makusudi. Nywele nyeupe na vijani vya majani matatu pajani: huyo anaitwa Minty. Ni mmoja wa sita wa kwanza kabisa, pamoja na Blossom, Blue Belle, Butterscotch, Cotton Candy na Snuzzle. Hao sita walipotoka mara ya kwanza nyayo zao zilikuwa bapa, kama ulivyoeleza. Baadaye kiwanda kikabadilisha kalibu, chini ya ukwato pakawa na kishimo. Minty mwenye nyayo bapa na neno Hong Kong ana kila dalili ya kuwa wa toleo la mwanzo. Huyo ndiye jirani yako anamwita feki. Ila nyayo bapa peke yake haitoshi kuthibitisha, kwa sababu baadhi ya nchi nyingine ziliendelea na kalibu za zamani. Ndiyo maana maandishi na umbo vinasomwa pamoja.

Tufike kwenye nchi. Kwa nini mdoli mmoja awe na sura nyingi?

Chukua kanga. Kanga moja, jina lile lile, pindo lile lile, inaweza kuwa imechapwa Urafiki Dar es Salaam na nyingine imechapwa India. Mama anayezijua ataziweka mapajani na kukwambia ipi ni ipi bila kusoma maandishi. Nyekundu ya huku imeelekea kwenye damu ya mzee, ya kule imeelekea kwenye machungwa. Uzito wa pamba unatofautiana, hata wanja wa mstari. Hakuna iliyo feki kati ya hizo mbili. Zimepita mikononi mwa mafundi tofauti waliokuwa na rangi tofauti ghalani.

Farasi hawa ni hivyo hivyo. Miaka ya 1980 nchi nyingi zililinda viwanda vyao kwa ushuru mkubwa au kwa kuzuia bidhaa za nje. Wenye umri wangu mnakumbuka hapa kwetu miaka ile, bidhaa ya nje ilivyokuwa adimu dukani. Kwa hiyo Hasbro ikawapa leseni viwanda vya ndani. Brazil walikuwa Estrela, Argentina Top Toys, Ugiriki El Greco, na India Funskool. Japan, Takara walikwenda mbali zaidi wakafanya farasi wa maumbo yao wenyewe. Ulaya yenyewe ilikuwa na uzalishaji Italia na Hispania.

Fikiria fundi wa kiwanda kama hicho. Amepokea kalibu, pengine iliyokwishatumika kwingine. Plastiki anachanganya ya kwao, na rangi ya pinki aliyo nayo haifanani na ya Hong Kong. Uzi wa nywele ananunua kwa muuzaji wa mjini kwao. Muhuri wa picha ya pajani anao wa kipepeo, wa ua hana, na oda inamsubiri. Anapiga kipepeo. Farasi anatoka na mwili wa fulani, nywele za fulani na picha ya mwingine, na watoto wa nchi hiyo wanakua wakimjua hivyo. Miaka thelathini baadaye mtu wa Uingereza anamwona kwenye picha na kushangaa, kwa sababu katika orodha aliyoizoea farasi huyo hayupo. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wakawapa hawa wa nchi za mbali jina moja la jumla, wanawaita Nirvana. Mimi jina hilo silipendi sana, linawafanya waonekane wametoka mawinguni wakati wametoka viwandani kama wenzao. Lakini ulijue, maana ndilo litakalotumika ukienda kuuza.

Uadimu unatoka hapo. Viwanda hivyo vilitoa farasi wachache, kwa ajili ya soko lao tu, na wengi walichezewa mpaka wakaisha. Kwa hiyo aliyetengenezwa kwenye nchi isiyo ya kawaida anaweza kuthaminiwa kuliko wa Hong Kong, kwa sababu ya uchache na tofauti zake, na si kwa sababu yeye ni "halisi" na mwingine ni wa kughushi. Jirani yako amekosea sababu, ingawa kwa yule wa Italia amekaribia jibu.

Huyo wa pinki, basi, mwangalie hivi. Wa Italia wanatafutwa pale rangi yao inapopishana na ya mwenzao wa Hong Kong. Tafuta picha ya farasi mwenye alama hiyo hiyo ya pajani, wa kawaida, kisha mtazame wako mchana, kivulini, karibu na dirisha, kamwe usitumie taa ya njano ya usiku. Linganisha pinki ya mwili, rangi ya nywele, rangi ya jicho. Halafu fanya jambo moja ambalo wengi hulisahau: chungulia sehemu ambazo jua halifiki, kama chini ya nywele za shingoni na upande wa ndani wa mapaja. Pinki hupauka upesi kuliko rangi nyingi. Kama ndani ya mapaja ni pinki kali na mgongoni ni nyeupe-nyeupe, hiyo ni kazi ya jua la dirishani na haina uhusiano na Italia. Kama rangi ni moja kila mahali na bado inapishana na ya kwenye picha, hapo una kitu cha kuuliza zaidi.

Sasa wa zambarau asiye na maandishi. Hapa ndipo neno feki linapopata nafasi yake. Farasi hawa walipopendwa, viwanda vingi visivyo na leseni vikaiga. Anayeiga kwa uvivu hachongi kalibu mpya: huchukua farasi aliyekamilika, anamzungushia kalibu, kisha anamwaga wake humo. Plastiki ya namna hii humwagwa ikiwa maji, kalibu inazungushwa kwenye joto mpaka itande kuta zote, halafu inapoa. Ikipoa inasinyaa kidogo. Kwa hiyo nakala inakuwa ndogo kuliko mama yake, na mistari yake inafifia: pua haina kingo, kope zimekuwa uvimbe, kwato zimekuwa kama vidole vya unga. Nywele nazo huwa chache, zimeshonwa mstari mmoja au miwili, ukizipeperusha unaona ngozi ya kichwa.

Nywele chache zinanipa wasiwasi juu ya wako. Lakini usimhukumu bado, kwa sababu mbili. Kwanza, nywele hukatwa na watoto na huchomoka. Hesabu mashimo, usihesabu nywele. Kama mashimo ni mengi na yamepangana karibu karibu, alikuwa na nywele nyingi akazipoteza. Pili, wapo farasi wa leseni kutoka nchi za mbali waliotoka bila neno lolote chini ya kwato. Msimamishe karibu na mmoja wa wale watatu wa China. Kama umbo lao linafanana na yeye ni mdogo kidogo kila mahali, miguu, kichwa, hata unene wa shingo, huyo ni wa kuiga. Kama urefu ni sawa na kingo za uso ni kali, mtenge.

Nakuja kwenye kuosha, na hapa nazungumza kwa uchungu. Miaka ya mwanzo nilipata farasi mweupe, mchafu, mkia wake bado mrefu mpaka chini. Nilimtumbukiza kwenye ndoo, nikamsugua, nikamwanika. Akang'aa. Baada ya wiki chache nikaona duara la rangi ya chai linajitokeza pale mkia unapoingilia mwilini, likapanda mpaka kwenye mapaja. Ndani ya farasi wengi wa kizazi cha kwanza, mkia umefungwa kwa kijipete cha chuma, kile mafundi wanachokiita washa. Maji yaliingia kupitia tundu la mkia, hayakuwa na pa kutokea, na hewa yetu ya ziwani haikaushi kitu kilichofungika. Washa ikashika kutu, kutu ikapenya ndani ya plastiki. Hakuna sabuni inayofika huko.

Kwa hiyo usiloweke. Chukua kitambaa laini, maji ya baridi au vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, ufute mwili huku tundu la mkia likiwa juu ya usawa wa maji muda wote. Nywele zioshe kwa kumwinamisha, kichwa chini, uchane kuanzia nchani ukipanda. Mkia utumbukize wenyewe kwenye kikombe, usivuke mahali ulipofungwa, na umkaushe akiwa amening'inia mkia chini. Mwenye manyoya asiguswe na maji kabisa, brashi laini kavu inamtosha. Jik inakausha nywele na kula rangi. Maji ya moto yanalegeza gundi ya shingo na kichwa kinachomoka. Tina ya kuyeyushia rangi na dawa ya kuondolea rangi ya kucha zitafuta picha ya pajani kwa mfuto mmoja, na bila picha hiyo farasi huyo hana jina tena.

Ukikuta mmoja ananata kama amepakwa asali, huo si uchafu wa belo. Plastiki laini inalainishwa kwa mafuta maalumu, na kwa miaka mingi, hasa penye joto, mafuta hayo hupanda juu. Mfute, mweke kivulini penye hewa, na asilale juu ya plastiki nyingine, maana zitashikana na kuachiana rangi. Mifuko ya nailoni haifai kuwahifadhi. Tumia karatasi nyeupe au kitambaa cha pamba kilichofuliwa.

Kuhusu bei, nitakuwa mkweli. Hizo dola mia kadhaa alizoona binti yako ni bei ambayo mtu ameomba. Kuomba na kulipwa ni vitu viwili, kama wewe mwenyewe unavyojua pale Mlango Mmoja mteja anapoanza kushusha. Aangalie bei za vitu vilivyokwisha kuuzwa, mitandao ya mnada inazionyesha. Wale watatu wa China, kama nywele zimekatwa na wana madoa, ni wa kawaida sana. Walitengenezwa kwa wingi mno. Wawili wembamba na mwenye sumaku, vivyo hivyo. Macho ya vito akiwa na jicho moja, na mwenye manyoya akiwa na upara, wameshuka, ingawa wapo wanaowanunua kwa ajili ya kutengeneza. Kumbuka pia gharama ya kutuma kifurushi nje ya nchi kutoka Posta: kwa farasi wa kawaida inaweza kumeza bei yake yote. Hao wauze hapa hapa, na kama kijana anawataka kwa elfu tano, mimi ningempa bila kusita.

Minty, wa Italia na wa zambarau usimpe. Hata akipandisha mpaka elfu ishirini, mwambie bado unawaangalia. Hilo si kosa lake, huenda hajui zaidi ya alichokwambia. Waulize watu wawili au watatu wanaokusanya kizazi cha kwanza, wasiofahamiana, uwape picha zile zile. Anayekujibu kwa kutaja bei kabla ya kuuliza juu ya kwato, mwache.

Kuna jambo la watoto, kwa kuwa duka lako ni la watoto. Plastiki laini ya miaka ya 1980 ilitengenezwa kabla ya sheria za sasa. Umoja wa Ulaya ulianza kuyazuia baadhi ya mafuta yale ya kulainishia kwenye midoli ya wachanga mwaka 1999, Marekani ikafuata mwaka 2008. Kwa hiyo mtoto anayeng'ata kila kitu asipewe farasi wa kizazi cha kwanza, na usimuuzie mama mwenye mtoto wa umri huo bila kumwambia. Lile jicho la kito lililobaki linaweza kutoka na kumezwa. Mtoto akimeza kito au kipande, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kukutana ana kwa ana na mtu anayejua kuna mahali pake pia. Ukitikisa farasi ukasikia kitu kinagonga ndani, au ukaona ukungu mweusi kwenye tundu la mkia, usichomoe kichwa mwenyewe. Shingo ya plastiki ya umri huo hupasuka, na ufa wa shingo hauzibiki usionekane. Mtafute anayetengeneza midoli ya zamani, akichomoe mbele yako. Vilevile rangi ya yule wa pinki ikionekana kupishana kweli, picha ya simu haitatosha, kwa sababu kila simu ina pinki yake. Inabidi mtu amshike, amweke mchana karibu na mwenzake wa Hong Kong.

Kwa leo usiku fanya hili tu. Piga picha za kila mmoja: ubavu wa kulia, wa kushoto, uso, na kwato zote nne kwa taa ya pembeni. Andika kwenye kipande cha karatasi ulichosoma chini ya kila ukwato, herufi kwa herufi, hata kama huelewi, ukiweke chini yake. Na yule wa zambarau mweke peke yake, kwenye kitambaa, mbali na wenzake, mpaka uwe umeshampima urefu na kuhesabu mashimo ya nywele.